Msiba Ulioletwa na Mtani

Mfaume fundi kofia aliniletea habari ya kifo cha mume wangu kwa maneno ya utani, nikacheka. Kisha akawaacha watu waamini kwamba nilicheka huku nikijua. Hilo ndilo kosa alilonitendea, na nalitaja mwanzo kabisa ili asije mtu akasema nimezunguka. Sikusoma shule. Herufi nilifundishwa na binti yangu Mwanamkuu nikiwa mtu mzima, kwa hiyo naandika polepole, lakini ninachokiandika nakijua.

Mfaume amezaliwa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Babu yake alikuja na reli kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Mfaume mwenyewe sidhani kama amewahi kulala Uzaramo hata wiki moja. Lakini mwulize kabila lake, atakwambia Mzaramo, tena atapiga kifua, kwa sababu ya faida moja tu: Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi. Tumeurithi utani huo tangu zamani za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na kupita katika mashamba ya Wazaramo wakiwa na njaa. Mpaka leo Mzaramo akiingia nyumbani kwa Mnyamwezi anaweza kufunua sufuria, akachukua paja la kuku, akaondoka nalo, na mwenye nyumba hana pa kushtaki.

Ni mtu mwembamba, mwenye mabega ya kuinama kwa sababu ya kuinamia cherehani. Kofia anazidarizi kwa mkono, na joho analitia nyuzi za dhahabu shingoni hadi unadhani limechorwa. Katika kazi yake simpunguzii. Ninachosema ni kwamba katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kuniambia sentensi moja iliyonyooka. Siku naolewa na Sadiki alikuja na kamba mkononi, akasimama mlangoni mbele ya wageni.

"Nimekuja kumchukua huyu Mnyamwezi," akasema. "Ni mpagazi wangu. Alikimbia na mzigo."

Sadiki akamjibu, "Mzigo wenyewe alikuwa bibi yako. Alinishinda uzito, nikamtua Morogoro."

Watu walicheka mpaka shehe akashika ndevu. Mimi chini ya mtandio nilicheka pia. Ndivyo ilivyoanza, na ndivyo ilivyoendelea. Mama yangu alipofariki, Mfaume alikwenda kaburini, akaingia ndani ya shimo, akajilaza, akasema hatoki mpaka alipwe, kwa sababu marehemu alikufa bila kumwachia hata bakuli la asali. Tulimpa kuku akatoka. Tulikuwa tunalia na kucheka pamoja. Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa jambo hili.

Sadiki wangu alikuwa mtu wa asali. Mama yake, au mayu Kalunde kama tunavyosema kwetu, yuko Usoke, na Sadiki alianzia kwao huko, akinunua asali kwa warina wa porini na kuileta mjini kwa ndoo. Mimi nyumbani naichuja. Mayu Kalunde alimlea Mfaume nusu na Sadiki nusu, maana Sadiki alisoma Tabora mjini, na wakati wa likizo watoto hao wawili walikuwa wakipanda treni pamoja kwenda Usoke kula viazi vyake. Hilo mlijue, linakuja kuwa na maana.

Miaka ya karibuni Mfaume alianza kusafiri kwenda Komoro msimu wa harusi. Alisema watu wa visiwa vile wanathamini kofia na joho kuliko mtu yeyote duniani, na kwamba kule mwanamume ambaye hajafanya harusi kubwa hahesabiwi, hata akiwa na mvi. Alirudi na maneno mengi. Nakumbuka alivyokaa uani kwetu akilamba asali kwenye kidole bila kuomba.

"Kule, shemeji, kisiwa kizima ni jiwe jeusi. Mto hamna. Maji ya kunywa wanakinga mvua kwenye paa. Mnyamwezi akiomba maji atapewa kijiko."

"Asali wanakula?" Sadiki akauliza.

"Wanakula, tena kwenye harusi wanaililia. Lakini wewe sikupeleki. Utaniaibisha, utaomba ugali mbele ya masharifu."

"Na wewe wakijua kwenu ni Uzaramo, si watakufungia nje na mbuzi?"

Waliendelea hivyo mpaka jua likageuka, na kabla Mfaume hajanyanyuka safari ilikuwa imekwisha pangwa. Mimi sikuipenda. Nilijiuliza huyu anapata nini kwa kumpeleka mume wangu baharini. Alikuwa ametuambia mwenyewe kwamba kule nyumba ni ya mwanamke, mume anaingia na nguo zake tu. Nikamwambia Sadiki tukiwa peke yetu kwamba mtu anayekusifia nchi kiasi hicho ana kitu amekificha huko.

"Tatu," Sadiki akaniambia, "wewe hata kuku akikutazama unasema anakusengenya."

Safari ya kwanza alirudi salama, ndoo tupu, uso umenawiri. Nilizidi kushuku. Msimu uliofuata akaenda tena. Simu yake iliharibika huko, ikawa anapiga kwa simu ya Mfaume, na kila Mfaume alipopiga alianza kwa maneno yaleyale.

"Shemeji, Mnyamwezi wako amekufa."

"Amekufa na nini?"

"Na ulafi. Amekula nazi za kijiji kizima."

Kisha nasikia Sadiki akicheka nyuma, anampokonya simu, tunaongea. Siku nyingine amekufa kwa kubebwa na kasa. Siku nyingine amekufa kwa haya baada ya kuvaa kofia kinyume mbele ya wazee. Nami namjibu kwa jinsi anavyotaka, namwita mtumwa wangu, namwambia marehemu asiletwe, nauli ni ya bure kwa wazima tu. Watoto wa jirani walikuwa wakiisikia simu hiyo inalia wanakuja kusikiliza.

Sasa nasema siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, nachuja asali, mikono yote inanata. Simu ilipolia juu ya ndoo niliibonyeza kwa kiwiko, nikaiacha palepale, sauti ya juu.

"Shemeji."

"Sema, mtumwa wangu."

"Shemeji, Mnyamwezi wako amekufa."

"Leo na nini?"

"Kifua kilimbana alfajiri. Amekufa."

"Kasa wamemkataa?" Nilikuwa nacheka tayari.

"Amekufa, Tatu."

Nilisikia kwamba ameniita kwa jina. Nilidhani ni mtindo mpya. Nikamwambia, "Umejifunza kuigiza, ungeenda kwenye televisheni. Basi mtupeni baharini, samaki nao waonje asali ya Tabora. Na sanda msimpe mpya. Mpe lile joho lililokushinda kushona."

Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake, nikajua wako harusini kama kawaida. Akasema, "Haya," simu ikakatika. Nikaendelea kuchuja. Jioni yake nilikwenda kwenye hina ya binti wa jirani, nikapakwa mikono yote miwili, nikacheza.

Nilifahamu kesho kutwa yake. Shamila, mke wa Mfaume, aliingia na wanawake wengine wamejifunika, hawakubisha hodi kwa sauti ya kawaida.

"Tatu, tumekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

Shamila aliitazama hina mikononi mwangu. "Dada, usitufanyie hivyo. Si uliambiwa juzi?"

"Niliambiwa na nani?"

"Na mume wangu. Amenipigia leo, anasema alikwambia kwa mdomo wake, na wamekwisha kuzika. Anasema..."

"Anasema nini, Shamila?"

"Anasema ulicheka."

Kilichofuata sikikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni mayu Kalunde aliposhuka kwenye treni kutoka Usoke na kuingizwa ndani ameshikwa huku na huku. Nilipiga magoti. "Shikamoo, mayu." Alitazama mikono yangu. Hina ilikuwa bado nyekundu kabisa. Hakuitikia.

Niliwaambia ukweli wote, kwamba yule ni mtani, ndivyo alivyokuwa akisema siku zote. Wengine walinielewa siku ile, wengine walisema wananielewa. Lakini maneno hayalali. Ikawa wanasema, hata utani una kiasi, hukusikia sauti yake? Alikuita kwa jina, hukushtuka? Wanawake walikuwa wanalia nyuma, masikio yako yalikuwa wapi? Dada yake Sadiki alisema waziwazi kwamba mke aliyeambiwa mumewe amekufa akasema atupwe baharini, huyo alikuwa na lake.

Nikakaa eda. Mfaume alirudi nikiwa ndani, nimefungwa na eda, siwezi kutoka kumkabili mwanamume asiye wangu. Nilimsikia uani akipokea pole za watu kama ndiye aliyefiwa. Begi la Sadiki alilipitisha kwa mkewe. Ndani yake mlikuwa na kanzu mbili, kofia, mashine yake ya kunyolea ya betri, na joho jeusi lililotiwa nyuzi za dhahabu upande mmoja wa shingo, upande wa pili bado. Nililipima juu ya kanzu ya Sadiki. Mabega sawa, urefu sawa.

Nilikaa na joho lile magotini muda mrefu. Wao wenyewe walisema kule mwanamume anavaa joho siku ya harusi yake kubwa. Mume wangu, muuza asali, alishonewa joho la nini? Hapo nikakata shauri kwamba Sadiki hajafa. Ameoa, ameingia nyumba ya mwanamke, na Mfaume amepewa kazi ya kumzika kwa mdomo. Ndiyo maana hakuna maiti wala picha. Na kicheko changu wamekitumia kunifunga mdomo.

Nilipotoka eda nilikwenda moja kwa moja kwa Mfaume. Cherehani ilikuwa imefunikwa.

"Amekwenda Kaliua, kushona sare za watoto," Shamila akaniambia.

"Sadiki alikufa kisiwa gani?"

"Mwali. Kwa bibi mmoja anaitwa Zalihata."

Alijibu haraka mno. Mtu akijibu haraka kiasi hicho nadhani amefundishwa.

Niliuza nilichokuwa nacho, nikapanda treni ya Dar es Salaam. Reli ile imelala juu ya njia ileile ya misafara. Wazee wetu waliitembea kwa miguu na mizigo mabegani. Mimi niliipita nimekaa, lakini sikuona kama nimebeba pungufu. Kutoka Dar nikapanda meli ya mizigo na abiria ya kwenda Komoro. Sina la kusema juu ya bahari ila kwamba nilitapika.

Moroni ni mji wa mawe meusi na vichochoro vyembamba, na kila mtu alinitazama, au mimi nilidhani wananitazama. Wanawake wamejipaka usoni msandali wa manjano mpaka huoni kama wanacheka au wamenuna. Lugha yao inakuja sikioni kama Kiswahili, unageuka, kumbe siyo. Namwamkia bibi kizee shikamoo, ananitazama tu. Nampa muuza maji noti, ananijibu "marahaba", na mimi sijamwamkia. Baadaye niliambiwa ndivyo wanavyoshukuru. Wakati ule nilidhani wananidhihaki.

Nilipata dereva aliyewahi kukaa Dar, jina lake Ahamada. Alisema atanifikisha kwenye kijiji cha kusini ambako boti za Mwali zinaondokea. Tulipita chini ya mlima wa moto. Kuna mahali mto wa jiwe lililopoa umekata barabara, nao wamepasua katikati wanapita kama si kitu.

"Mama, mbona unaniangalia kama nimekuibia?" akauliza.

"Bado sijajua kama umeniibia."

Alicheka. "Unatoka bara gani huko?"

"Tabora."

"Ah. Kwa mtu wa asali." Kisha akazima kicheko, akaitazama barabara. Nikasema moyoni, huyu naye anajua.

Ili kunichangamsha akaanza kunieleza watu wa visiwa vyao. Wa kisiwa hiki wanasemwa wana majivuno, wa Ndzuani wanasemwa wajanja wa biashara, wa Mwali wanasemwa wamelala. Kila kisiwa na usemi wake, na mavazi yake, na namna yake ya kuoa. Nilifurahi kidogo, nikadhani nimefika kwa watu kama sisi.

"Mnataniana, basi?"

"Tunasemana."

"Na hamgombani?"

"Tunagombana sana, mama. Nchi ilishataka kuvunjika kwa sababu hiyo."

Boti ya kwenda Mwali ilikuwa ya injini, ndogo, tumebanana na magunia ya mchele. Karibu yangu alikaa mwanamke wa Ndzuani amejitanda kitambaa chekundu na cheupe kutoka kichwani hadi miguuni. Alinipa ndimu ya kunusa nisitapike. Niliipokea, nikainusa mara mbili kuona kama ina kitu.

Nyumba ya Zalihata iko nje ya mji wa Fomboni, imepakana na minazi. Ni bibi mrefu, mkavu, aliyekaa Unguja akiwa msichana, kwa hiyo Kiswahili anakisema kuliko mimi. Nilipojitaja hakunipa mkono. Alinionyesha mkeka, akaingia ndani kuniletea maji. Alipotoka alinikuta nimesimama uani.

"Unamtafuta nani kwenye kamba yangu ya nguo?"

"Mume wangu."

"Mumeo yuko kule." Akaelekeza kidevu upande wa minazi.

Kaburi lilikuwa limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Nililitazama, nikamwambia, "Mawe mtu yeyote anaweza kuyapanga."

Nilimwona amekasirika. Alimwita mzee mmoja aliyekuwa akimenya nazi, akamwambia kwa lugha yao, kisha akanitafsiria. Huyo ndiye aliyemwosha. Mzee aliweka kisu chini, akageuka, akajigusa mgongoni chini ya mbavu za kushoto, akachora kwa kidole mahali pana kama kiganja. Moto, akasema. Neno hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Sadiki alipokuwa mtoto Usoke mwenge wa kufukuzia nyuki ulimwangukia mgongoni. Kovu lile sijui nani mwingine alilijua zaidi yangu na mama yake.

Nilikaa chini palepale.

Zalihata aliniacha nilie. Baadaye aliniuliza, kwa sauti ya mtu asiyeamini anachokiona, "Kwa hiyo unalia?"

"Kwa nini nisilie?"

"Kwa sababu tulikusikia." Akakaa kwenye jiwe, mbali kidogo nami. "Maiti ilikuwa kitandani, hatujaifunika vizuri. Rafiki yake akasema ngoja nimwambie mkewe. Simu ilikuwa wazi, chumba kizima tunasikia. Ukacheka. Ukasema tumtupe baharini. Binti zangu waliziba masikio. Mimi ndiye ninayejua Kiswahili, wakaniuliza kasema nini, nikaona haya kuwaambia."

"Na joho?" nikauliza. "Joho lililokuwa kwenye begi lilikuwa la nini?"

"Lilikuwa la bwana harusi wa kijiji cha pili. Ana mwili kama wa mumeo, basi fundi alikuwa akimvika mumeo kila siku ili apime. Mumeo alipokufa, watu wa harusi hawakulitaka. Nani atamwozesha mwanawe katika nguo iliyovaliwa na mtu wa kufa? Nikasema lipelekwe kwa mjane."

Basi hakukuwa na harusi wala mke. Shaka zote nilizobeba kutoka Tabora zilimalizika pale juu ya mchanga, ikabaki moja, ile ya Mfaume na simu yake, ambayo haikuwa shaka tena.

Nilimweleza utani. Nilimweleza misafara, na Wazaramo, na kuku, na kaburi la mama yangu, na marehemu aliyebebwa na kasa. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za watu wanaokula udongo.

"Mtu anakuja kulala ndani ya kaburi la mama yako, nawe unampa kuku?"

"Ndiyo."

"Na msiba ukiwa wa kweli, mnaambiana vipi?"

Hilo ndilo swali. Nilimwambia kama ilivyo mtaani kwetu. Mtani anakuja mazikoni na anafanya analolitaka, lakini habari yenyewe ya kifo hapeleki yeye. Anatafuta mtu mwingine, mtu ambaye mdomo wake hautiliwi shaka, ndiye anaingia kusema. Baba yake Mfaume alipofia Dar es Salaam, simu ilimfikia kwanza Sadiki. Sadiki hakwenda kumwambia. Alimfuata mwadhini, akamwomba aingie yeye, na mwenyewe alibaki nje ukutani ameshika kandambili mkononi mpaka Mfaume alipotoka analia. Niliyaona kwa macho yangu. Mfaume anaijua desturi hiyo kwa sababu alifanyiwa.

Zalihata akasema, "Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake kama nilivyo karibu na wewe. Kiswahili ninakijua. Angenipa simu."

"Hakukupa?"

"Hakunipa. Na ulipokata—"

"Sikukata mimi."

"Na simu ilipokatika, tulimuuliza, huyu ni mke wa namna gani? Alikuwa ameshika kichwa. Akasema, 'Ndivyo alivyo.'"

Nililala kwa Zalihata siku chache. Binti zake hawakukaa mkeka mmoja nami, ingawa mama yao aliwaeleza. Niliona wanaelewa kwa kichwa tu. Walikwisha kumlilia mume wangu kwa niaba yangu, na sasa mwenyewe nimekuja kudai machozi yangu.

Niliporudi Tabora, Mfaume alikuwa barazani kwake, kwenye cherehani, mchana wa watu.

"Karibu, shemeji! Umerudi? Wale watu hawakukuuza?"

"Leo si utani, Mfaume."

Aliweka kitambaa chini. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo.

"Nimefika kwa Zalihata," nikasema. "Alikuwa amesimama karibu yako. Kwa nini hukumpa simu?"

"Sikufikiri."

"Ulifikiri kumvika joho, hukufikiri kumpa bibi simu?"

"Tatu, nilikuwa nimechanganyikiwa. Nilifungua mdomo, yakatoka yaleyale. Mimi na wewe hatujawahi kuongea mengine. Nikakuita kwa jina, nikadhani utajua. Ulipocheka..." Akashika gurudumu la cherehani kama anataka kuuzungusha. "Ulipocheka nilishindwa kusema tena."

"Ukaweza kusema 'ndivyo alivyo'."

"Nilikuwa nakutetea! Maana yangu ni kwamba wewe ni mtu wa utani."

"Uliwaeleza maana hiyo?"

Akakiokota kitambaa alichokiweka chini.

"Na Shamila ulimwambia nilicheka. Ulimwambia pia kwamba ulinipigia simu kwa sauti ya kila siku, kwa maneno ya kila siku? Ulimwambia kwamba mtani hapeleki habari?"

Shamila alikuwa mlangoni, amesimama na ungo. Alimtazama mumewe. Nilijua kwa macho yake kwamba hakuambiwa.

"Nitalipa," Mfaume akasema taratibu. "Utani una faini yake. Nitakuletea mbuzi."

"Mbuzi atasema? Mimi nataka uende Usoke. Ukae mbele ya mayu Kalunde, umwambie ulivyoniambia, neno kwa neno, na umwambie ulikuwa unajua kwamba haifanywi hivyo. Basi. Sitaki kingine."

Hapo uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza nilimwona Mfaume bila mzaha. Sikupenda nilichokiona.

"Yule amenilea," akasema. "Amefiwa na mwanawe, sasa ananiita mimi mwanawe, ananiita aliyemzika Sadiki. Nikamwambie kwamba habari ya mtoto wake niliifanya mchezo? Atanilaani, Tatu. Na wewe hajakupenda tangu zamani. Unapoteza nini? Mwache mzee abaki na moyo wake."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Nikaondoka.

Mbuzi alikuja kweli. Nilimrudisha, akaletwa tena, akafungwa kwenye nguzo ya uzio wangu mbele ya watu. Siku ile jirani aliniambia, "Mfaume ana utu. Tazama anavyomkumbuka mjane." Nilimfungua mbuzi, nikamwacha aende anakotaka. Sasa wanasema nina kiburi pia.

Mayu Kalunde macho yake yamepungua, na miguu imevimba. Wakati wa kuchuma tumbaku, watu wote wa nyumba wakiwa shambani, nakwenda Usoke kumpikia. Chakula changu anakula. Maji ya kuoga ninayompelekea anayaoga. Namwamkia asubuhi na jioni, nimepiga magoti, na anageuza uso ukutani. Binti yangu ananiambia, "Mama, acha kwenda." Siachi, maana nikiacha watasema lile la bahari na hina lilikuwa la kweli.

Ninachodai sijalipwa. Mfaume fundi kofia, wa Ng'ambo, Tabora, ana deni la safari moja ya treni kutoka hapa hadi Usoke, na la sentensi moja mbele ya mayu Kalunde: "Habari ya Sadiki niliileta mimi kwa utani, nikijua haipelekwi hivyo, na mkamwana wako hakujua." Ana deni la kupiga simu kwa Zalihata wa Mwali, simu ikiwa wazi, na kuwaambia binti zake vivyo hivyo. Mayu bado anasikia vizuri. Treni bado inasimama Usoke. Mfaume hajapanda.